Usimuulize "Umeelewa?": Namna ya Kumweleza Mama Uchunguzi wa Saratani

Mimi ni muuguzi. Sehemu kubwa ya kazi yangu ni uchunguzi wa saratani ya mlango wa kizazi, huku Eastlands, Nairobi. Akina mama wengi ninaowahudumia hawakuja kwa ajili hiyo. Mmoja amekuja kudungwa sindano ya kupanga uzazi, mwingine analeta mtoto chanjo, mwingine anafuata dawa za presha. Kibanda cha mboga amemwachia jirani na mawazo yake yako huko. Nina dakika chache za kumweleza jambo ambalo hakuniuliza.

Kwanza niseme wazi kwamba kutoelewa maneno ya hospitali si ujinga. Kuna mama asiyejua kusoma anayeweka kichwani hesabu za chama kizima, nani kalipa, nani kachelewa, zamu ya nani mwezi ujao. Nimeona pia mwenye digrii akitoka kwa daktari asijue aliambiwa nini. Tofauti ni kwamba mwenye digrii ataingia Google usiku. Yule mwingine atamuuliza jirani, na jirani atampa hadithi ya mtu aliyekufa.

Saratani hii huua zaidi ya wanawake 3,000 kila mwaka nchini Kenya. Kwenye mabango takwimu hiyo huwekwa juu kabisa, kwa wino mwekundu. Mimi naiacha nje ya chumba. Mtu anayeamini kwamba saratani ni kifo haoni faida ya kwenda kuitafuta. "Sista, kama iko, si bora nisijue?" Ukimsikiliza kwa makini, hoja yake haina kasoro ukizingatia anachokijua. Saratani ameijua kupitia harambee ya matibabu, halafu harambee ya mazishi, nyumba ileile. Hakuna aliyemwonyesha mama aliyepatikana mapema, akatibiwa asubuhi na jioni akawa kibandani kwake.

Kwa hiyo jambo la kwanza analohitaji kulijua ni kwamba kabla ya saratani kuna muda, na muda huo ni mrefu. Kwa mwanamke mwenye kinga nzuri, Shirika la Afya Duniani (WHO) hukadiria kwamba mabadiliko ya seli za mlango wa kizazi huchukua miaka 15 hadi 20 kabla ya kuwa saratani. Kinga ikiwa dhaifu, kwa mfano mtu akiwa na virusi vya ukimwi na hajaanza dawa, inaweza kuwa miaka 5 hadi 10. Ndiyo maana anayeishi na virusi vya ukimwi, ambaye hatari yake ya saratani hii ni takriban mara sita ya wengine, tunamfuatilia kwa karibu zaidi. Mwongozo wa Kenya unalenga hasa wanawake wa miaka 25 hadi 49, nao wengi wao huwa hawana maumivu wala dalili yoyote.

Kwa watu wanaoishi kwenye nyumba za mabati nimekuwa nikitumia mfano wa kutu. Doa dogo ukiliona mapema unalisugua na kupaka rangi, ukiliacha bati linatoboka. Mfano huu unaeleweka haraka sana, lakini una hila. Kutu haiondoki yenyewe, na virusi vinavyoleta saratani hii, HPV, mara nyingi huondoka vyenyewe. Aliyeshika mfano wa kutu atasikia "una virusi" na kudhani bati limeshaanza kuliwa. Siku hizi natumia mfano huo kueleza mabadiliko ya seli peke yake. Ya virusi nayaeleza kwa idadi ya watu.

Na idadi ya watu, si asilimia. Asilimia huwapotezea wengi njia, hata wasomi. Nasema hivi: chukua wanawake 100 wenye virusi hivi. Baada ya miaka miwili, takriban 90 kati yao hawatakuwa navyo tena, mwili umevifukuza wenyewe bila dawa. Wale wachache waliobaki ndio tunaowatafuta, na kwa kuwa kwa macho hatuwajui, inabidi tuwaangalie wote.

Maelezo ya kipimo chenyewe ni mepesi, mradi usiyaruke. Mwonyeshe kifaa cha kupanulia uke kabla hajapanda kitandani, akishike. Mwambie kitaingia wapi na kitakaa kwa muda gani. Kliniki nyingi bado hutegemea siki: tunapaka siki iliyopunguzwa makali, tunasubiri kama dakika moja, na sehemu yenye mabadiliko hugeuka nyeupe. (Ongeza hapohapo kwamba siki ya jikoni haitibu wala haikingi kitu. Usipolisema utaulizwa, au vibaya zaidi, hutaulizwa.) Penye kipimo cha HPV, mama anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe kwa kijiti chenye brashi laini, pazia likiwa limefungwa. Hofu nyingi hupungua hapo, maana wengi walichokuwa wakikwepa ni kuvuliwa nguo mbele ya mtu, tena pengine mtu wanayekutana naye sokoni.

Penye shughuli kubwa ni siku ya majibu.

HPV huambukizwa kwa kujamiiana. Ukilificha hilo mama atalisikia kwingine na kuona ulimdanganya. Ukilisema kavu, umewasha moto nyumbani kwake. Mimi huanza na swali ambalo najua linakuja: "Kwani nani ameileta?" Jibu ni kwamba kipimo hakiwezi kusema. Karibu kila mtu aliyewahi kufanya ngono hupata virusi hivi wakati fulani maishani, na vinaweza kukaa miaka mingi vikiwa kimya. Vinavyoonekana leo huenda viliingia kabla hawajajuana na mumewe, kutoka upande wowote. Maneno hayo namtaka aondoke nayo kama yalivyo, kwa sababu jioni atahitaji kuyasema kwa sauti yake mbele ya mtu aliyekasirika. Mume akiwa tayari kuja, namwomba aje.

Matibabu nayo yana jambo lake. Yakionekana mabadiliko yanayofaa kutibiwa hapohapo, mara nyingi tunatumia kifaa cha joto. Kazi hiyo huchukua dakika chache, hakuna kisu wala kulazwa. Akirudi nyumbani atatokwa na majimaji kwa wiki kadhaa, na tunamshauri asifanye tendo la ndoa kwa takriban mwezi mmoja. Ushauri huu tukiutamka haraka tukiwa tunajaza fomu, tumemtupia mama mzigo wa kupatana na mumewe peke yake. Wengine hukubali matibabu na kushindwa na huo mwezi. Wengine hukataa matibabu kwa sababu ya huo mwezi, na kwenye rejista tunaandika "amekataa" kana kwamba alikataa sayansi.

Sasa hilo swali la "umeelewa?" Jibu lake ni "ndiyo, daktari" siku zote. Ni adabu tu, halikuambii kama ameelewa. Badala yake namuuliza, "Ukifika nyumbani na baba watoto akuulize umefanyiwa nini leo, utamwambiaje?" Kisha nanyamaza. Akisema "nitamwambia nimepatikana na saratani", najua nilikosea wapi kueleza, na bado yuko mbele yangu. Swali hilo halimpimi yeye, linapima maelezo yangu, na ndivyo ninavyomwambia ili asijione yuko mtihanini. Wenzangu hulalamika kwamba linakula muda. Linakula kweli. Lakini mama asiyerudi hula muda zaidi, wa mhamasishaji wa afya anayezunguka mitaani kumtafuta plot kwa plot.

Kuhusu kusoma, usimuulize mtu mbele ya foleni kama anajua. Akikwambia amesahau miwani, msomee fomu polepole na usiulize ni miwani gani. Tarehe ya kurudi usiiache kwenye kadi peke yake. Kipimo cha HPV kisipoonyesha kitu kwa asiye na virusi vya ukimwi, miadi inayofuata ni baada ya miaka mitano, na hakuna anayekumbuka tarehe ya miaka mitano ijayo. Nauliza mtoto yuko gredi ya ngapi. Akiwa gredi ya kwanza, basi akifika ya sita, mama arudi. Na huyo mtoto asifanywe mkalimani. Eastleigh, mtaa wenye Wasomali wengi, hutokea mama Msomali akaja na bintiye wa shule amtafsirie, na hakuna mama atakayeeleza habari za kutokwa damu baada ya tendo la ndoa kupitia kinywa cha mwanawe. Tafuta mwanamke mzima, hata kama miadi italazimika kusogezwa.

Kisha kuna simu. Majibu yakitumwa kwa ujumbe mfupi, yanaweza kusomwa na mtu mwingine kwanza, kwa sababu nyumba nyingi zina simu moja inayozunguka. Kabla mama hajaondoka naomba mambo mawili: namba tutumie ya nani, na tukipiga tujitambulishe vipi. Kuna anayetaka tuseme ni kliniki ya mtoto, na kuna asiyetaka ujumbe kabisa, atapita mwenyewe Alhamisi akitoka soko la Gikomba. Kwenye ujumbe wenyewe hatuandiki HPV, saratani, wala mlango wa kizazi. Tunaandika jina la kwanza, siku ya kuja, na chumba cha kuingia, ili asilazimike kueleza shida yake kwenye dirisha la usajili.