Gauni la Mumeo Halijibu Swali Lako

Mke anaingia, anahakikisha mlango umefungwa, anatoa mfuko mweusi mkobani. Ndani kuna gauni la kitenge ambalo si saizi yake. "Daktari, mume wangu ni shoga?" Swali hili nalisikia mno hapa Dodoma, na uvumilivu unaniishia.

Vazi, utambulisho wa kijinsia na mvuto wa kimapenzi ni mambo matatu. Wapo wanaume wanaovaa gauni chumbani, wanajijua ni wanaume, na wanawapenda wake zao kwa dhati. Magnus Hirschfeld, daktari wa Berlin, alilitenganisha vazi na ushoga tangu 1910, halafu leo bado tunabishana! Transjenda ni habari nyingine. Yeye nafsi yake haikubaliani na jinsi aliyoandikiwa alipozaliwa, avae suti au dera. Na huyo naye anaweza kuwapenda wanaume, wanawake, au asimtake yeyote.

Kwa hiyo usichome nguo, na wifi asiambiwe kitu. Muulize mwenyewe mkiwa wawili, asubuhi, si usiku wa manane mkiwa na hasira: ukivaa unajisikiaje, na ukivua je? Mimi husikiliza zaidi jibu la pili. Kuna anayevua akaendelea na shughuli zake, na kuna anayevua akaona anarudi kuigiza uanaume.

"Ni kichaa, nimpeleke Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili." Hapana. Mwongozo wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani ulioanza kutumika Januari 2022 umeutoa utransjenda kwenye sura ya magonjwa ya akili. Sonona ya mtu anayetukanwa kila siku, hiyo niletee.

"Yameletwa na Wazungu." Peter Rigby, aliyeandika juu ya Wagogo miaka ya 1960, alieleza jinsi wanawake walivyovaa kiume, wakashika silaha na kuchunga ng'ombe ili kuondoa balaa. Lilikuwa tambiko, sisemi bibi zetu walikuwa transjenda. Ila kuvuka mpaka wa mavazi hakukuja na king'amuzi.

Huntha, yaani aliyezaliwa na maumbile yasiyo ya kike wala ya kiume moja kwa moja? Hilo ni suala la mwili, msilichanganye na haya.

"Akioa ataacha." Viboko havibadili utambulisho wa mtu, na ndoa haibadili. Hii ya ndoa ndiyo inayonichosha, maana inamwingiza binti wa watu kwenye siri asiyoijua, na miaka michache baadaye ndiye anayekuja kwangu na mfuko.