Anga la kitambaa: Satyajit Ray akiwa kazini

Watazamaji wa pwani yetu wamekulia kwenye filamu za Kihindi, ila za Bombay, zenye nyimbo, machozi na ngumi za mwisho. Mwongozaji wa filamu Satyajit Ray hakutokea huko. Alikuwa Mbengali wa Calcutta, na karibu filamu zake zote ziko kwa Kibengali. Akitajwa, husifiwa kwa "uhalisia", sifa ambayo haielezi kazi hata kidogo. Uhalisia wake ulitengenezwa kwa mikono, shoti baada ya shoti, mara nyingi kwa ujanja mtupu, na ujanja huo unaweza kuelezeka.

Wasifu wake nitaupitia haraka. Alizaliwa tarehe 2 Mei 1921 katika ukoo wa waandishi na wachapishaji. Alisoma uchoraji katika chuo cha Santiniketan, na mwaka 1943 akaajiriwa kuwa mchoraji wa D.J. Keymer, kampuni ya matangazo ya Waingereza. Mwongozaji Mfaransa Jean Renoir alipokuja Bengal kuandaa filamu yake The River, Ray alimsaidia kutafuta maeneo ya kupigia picha. Mwaka 1950 kampuni ikampeleka London, na huko akatazama filamu zipatazo mia moja ndani ya miezi michache. Bicycle Thieves ya Mwitaliano De Sica ndiyo iliyomthibitishia kwamba inawezekana kutoka na kamera mitaani na kufanya kazi na watu wasiokuwa waigizaji.

Filamu yake ya kwanza, Pather Panchali, ilianza kupigwa tarehe 27 Oktoba 1952. Ray alikuwa bado mwajiriwa, kwa hiyo kazi ilifanyika siku za mapumziko. Badala ya mswada wa kawaida alikuwa na kitabu cha michoro kilichoonyesha filamu nzima. Mpigapicha wake, Subrata Mitra, alikuwa na miaka 21 hivi na hakuwahi kuendesha kamera ya sinema. Alichokuwa nacho ni kukaa pembeni akimtazama Renoir na watu wake wakifanya kazi.

Shoti za kwanza zilikuwa kwenye uwanda wa kash, nyasi ndefu zenye mashada meupe. Mtoto Apu anamtafuta dada yake. Kwenye karatasi si kitu: atembee, asimame, ageuke, aendelee. Mbele ya kamera mtoto alitembea kama amefungwa vijiti miguuni. Ray hakumweleza hisia zozote. Aliweka vizuizi vidogo njiani ili mtoto alazimike kupima hatua kila anapovifikia, kisha akawaficha wasaidizi ndani ya nyasi, kila mmoja amwite kwa zamu kutoka upande wake. Mtoto akageuka kwa sababu ameitwa, akasita kwa sababu mguu unatafuta pa kukanyaga. Anayetazama anaona mtoto aliyepotelewa na dada. Kwa maoni yangu hili ndilo somo kubwa la Ray kwa yeyote anayeongoza watoto: usimwombe mtoto huzuni, mpe kazi ya kufanya.

Waliporudi wiki iliyofuata kumalizia tukio hilo, ng'ombe walikuwa wameshakula maua yote. Ikabidi wangoje msimu mwingine, kwa kuwa nusu ya tukio yenye maua na nusu isiyo nayo haziungiki.

Tatizo hilo la mwendelezo liliwaandama mpaka mwisho, maana fedha zilikuwa zikikatika na upigaji ukasimama kwa miezi mingi. Ray aliweka rehani bima yake ya maisha, akauza santuri zake, na vito vya mkewe Bijoya navyo vikaenda. Mwishowe serikali ya Bengal Magharibi ndiyo iliyotoa fedha za kumalizia. Katikati ya kusimama huko mbwa wa filamu alikufa. Akatafutwa mwingine wa kufanana naye. Mwigizaji wa muuza vitamu naye akafariki kabla tukio lake halijakamilika. Waliyempata hakufanana naye usoni ila alikuwa na umbo lile lile, basi kamera ikamwonyesha kwa mgongo tu. Tazama tena tukio la watoto na mbwa wakimfuata muuza vitamu: anayeingia fremu na anayetoka si mtu mmoja. Na mbwa yule hafuati kwa utiifu, anafuata kitamu ambacho msichana amekishika nyuma ya mgongo.

Sasa nuru, ambayo mimi naihesabu kuwa mchango mkubwa zaidi wa kundi hili. Katika Aparajito (1956), filamu ya pili ya Apu, familia yake inaishi mji wa Benares, kwenye nyumba yenye ua wa ndani. Aliyeingia nyumba za kale za Lamu au Mji Mkongwe anaujua mwanga wa namna hiyo: unashuka kutoka juu, laini, hauna kivuli cha kukamatika. Msanifu wa mandhari, Bansi Chandragupta, alikusudia kuujenga ua huo mahali pa wazi, lakini kwa hofu ya mvua za masika ukajengwa ndani ya studio, Calcutta. Mitra alibishana na Ray na Chandragupta wote wawili kwamba mwanga wa anga hauigiki kwa taa. Aliposhindwa kwa maneno, akatandaza juu ya seti kitambaa cheupe kilichowambwa kwenye fremu, mfano wa kipande cha anga, na taa akaziweka chini zikielekea juu. Nuru ikagonga kitambaa na kurudi.

Taa inayompiga mtu moja kwa moja ni chanzo kidogo, hivyo kivuli chake huwa kikali, na ukiwa na taa nne unapata vivuli vinne. Ukiipiga kwenye kitambaa, kitambaa kizima ndicho kinachogeuka kuwa chanzo, na kingo za kivuli zinayeyuka. Gharama yake ni kwamba nuru nyingi hupotea njiani. Utahitaji taa zaidi, au ufungue zaidi tundu la lenzi. Na ukilifungua, masafa yanayoonekana kwa ukali yanapungua, mwigizaji akisogea hatua moja uso unaingia ukungu. Halafu mwanga wa juu hutia giza kwenye matundu ya macho, kwa hiyo kitu cheupe cha kurudisha nuru kidogo kutoka chini au ubavuni kinasaidia. Na mwali mmoja ukivuja moja kwa moja hadi ukutani, anga lote la bandia limeumbuka.

Baadaye Ray alijirundikia kazi. Kuanzia Teen Kanya (1961) alitunga muziki wake mwenyewe, na tangu Charulata (1964) akawa anaishika kamera pia. Miswada yake aliiandika kwenye madaftari ya jalada la kitambaa chekundu, yale ya wafanyabiashara wa Bengal: maneno, michoro ya fremu na mavazi, vyote pamoja. Alipata ugonjwa wa moyo mwaka 1983 akiwa anapiga filamu ya Ghare Baire, na Ganashatru (1989) ikapigwa karibu yote ndani ya studio kwa amri ya madaktari. Inaonekana: watu wameketi, wanasema sana. Sidai ni filamu mbaya, ila mkono umefungwa. Oscar ya heshima aliipokea mwaka 1992 akiwa kitandani hospitalini, akafariki tarehe 23 Aprili mwaka huo.

Mwaka uliofuata moto uliteketeza maabara ya Henderson's, London, zilikokuwa negativu, yaani kanda asilia zilizopita kwenye kamera, za filamu tatu za Apu. Mabaki yalihifadhiwa Marekani miaka 20 hivi, kisha yakapelekwa L'Immagine Ritrovata, maabara ya kukarabati filamu huko Bologna, Italia. Mafundi waliurudishia unyevu ukanda uliokauka, wakabandua kwa mkono gundi iliyoyeyuka kwenye maungio na kuunda upya matundu ya pembeni, ndipo wakaupitisha kwenye skana ya 4K. Kwa Pather Panchali, asilimia 40 hivi imetoka kwenye negativu asilia. Aparajito, zaidi ya asilimia 60. Apur Sansar (1959), ya tatu, ilibakiwa na riili mbili tu, zilizoharibika kupita kiasi, kwa hiyo yote ilitengenezwa kutoka nakala za akiba. Ukitaka kuichunguza kazi ya Mitra, tafuta toleo hilo lililokarabatiwa la mwaka 2015 na uanze na ua wa Benares. Kwenye nakala kuukuu weupe umeungua, na kitambaa chake huwezi kukitofautisha na taa ya kawaida.