Anuwai ya vinasaba vya kuvu: mfano wa mnyauko fuzari wa pamba

Mkulima wa Misungwi au Kwimba akiona mpamba unanyauka, hupasua shina lake kwa kisu, na akikuta ndani rangi ya kahawia mahali palipopaswa kuwa peupe, hushuku mara moja kwamba shamba limeingiliwa na mnyauko fuzari, ugonjwa uletwao na kuvu iitwayo fuzari. Kisu, hata hivyo, hakimwambii ni fuzari ipi. Jina la kitaalamu la kuvu hii, Fusarium oxysporum, limebeba ukoo mpana: zipo zinazonyausha pamba, zipo za migomba, zipo za nyanya, na nyingine nyingi hukaa udongoni bila kudhuru mmea wowote, ilhali zikioteshwa maabara hazitofautishiki kwa hadubini.

Anuwai ya vinasaba ni hizo tofauti zilizofichika katika mpangilio wa vinasaba vya kuvu za spishi moja. Mtu angedhani ni ndogo, kwa kuwa kuvu hii haijulikani kuzaana kwa kujamiiana na spora zake, yaani chembe zake za kuzalia, ni nakala tu za mzazi. Lakini mabadiliko ya vinasaba hujilimbikiza, tena mwaka 2010 watafiti walionyesha kwamba kromosomu nzima, yaani fungu zima la vinasaba, inaweza kuhama kutoka fuzari ya nyanya hadi kuvu isiyo na madhara, nayo ikapata uwezo wa kuushambulia mnyanya. Binafsi naona hilo ndilo la kutisha kuliko yote, maana jirani mpole wa udongoni anaweza kuazimwa silaha.

Utambuzi wa kimolekuli, yaani kuitambua kuvu kwa DNA ya vinasaba vyake badala ya umbo lake, hutumia kipimo cha PCR, ambacho wengi walikisikia wakati wa UVIKO-19. Kipande teule cha DNA hurudufiwa mara mbili kila mzunguko, hivyo mizunguko 30 ikienda sawasawa hutoa nakala zaidi ya bilioni moja kutoka kipande kimoja. Kwa njia hiyo hata mbegu inayoonekana safi inaweza kupimwa kabla ya kusambazwa, jambo lenye uzito kwa sababu ugonjwa husafiri na mbegu, na spora zenye ukuta mnene zikishaingia shambani hudumu udongoni miaka mingi.

Hapa ndipo dhana hizi mbili, anuwai ya vinasaba na utambuzi wa kimolekuli, zinapofungamana. Kipimo huona kile tu kilichoelekezwa kukitafuta: kikiegemea kipande ambacho fuzari zote zinacho sawa, kitaishtaki hata isiyo na hatia; kikitengenezwa kwa kuvu za Marekani au Australia pekee, kinaweza kuipita ya kwetu bila kuiona. Kwa hiyo sampuli za mashamba ya hapa, hasa ya udongo wa kichanga wa luseni, ambako minyoo fundo hutoboa mizizi na kuifungulia kuvu njia, zinapaswa kuchunguzwa kwanza. Mtafiti anayezalisha aina za pamba zenye jina la UK (kifupi cha Ukiriguru) katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Ukiriguru, Mwanza, naye anahitaji ujuzi huohuo, kwani mpamba uliohimili kuvu ya shamba moja bado haujajaribiwa na ya shamba jingine.