Je, wajua kwa nini ukihamisha hela za uzeeni Marekani mara unakatwa kodi, mara hukatwi?

Ndugu zetu walioko Marekani wanaulizana sana hili, maana mtu katoa hela IRA moja (akaunti binafsi ya akiba ya uzeeni) kaipeleka nyingine na mwenzake kafanya vilevile, halafu mmoja kalipa maelfu ya dola mwingine hajalipa hata senti. IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, inachoangalia ni kama hiyo hela ilishakatwa kodi au bado.

IRA ya kawaida mara nyingi unaweka hela ambayo haijakatwa, kodi inakungoja uzeeni. Roth, aina nyingine ya IRA iliyoanza 1998 na kupewa jina la seneta William Roth wa Delaware, unaweka iliyokwisha kukatwa, na ukifuata masharti uzeeni unachukua yote bila kodi. Kwa hiyo ukitoa dola 20,000 ambazo hazijawahi kukatwa kwenye IRA ya kawaida ukazitia Roth, zote zinahesabiwa kipato chako cha mwaka huo, na kama uko kwenye kiwango cha asilimia 22 basi jiandae na 4,400 za serikali kuu, bado jimbo lako.

Yule asiyelipa kafanya kitu kingine kabisa. Tuseme kaweka 7,000 kwenye Roth mwaka 2025, hajaoa, halafu bonasi ikapandisha kipato chake juu ya 165,000, hapo Roth haimruhusu tena, na akiiacha hiyo hela anatozwa asilimia 6 kila mwaka inapokaa humo. Anaiomba kampuni inayomtunzia ihamishie mchango huo IRA ya kawaida pamoja na faida yake, mwisho 15 Oktoba 2026 kama return yake (fomu ya kodi ya mwaka) kaifaili kwa wakati. Sheria inauhesabu mchango kama uliingia IRA ya kawaida tangu siku ya kwanza, ndo maana hakuna kodi, hata ile faida haiguswi.

Zamani hata ukigeuza IRA ya kawaida kuwa Roth ungeweza kughairi, ila tangu 2018 ukishageuza umegeuza, kwa hiyo piga hesabu kwanza jamani! Na kodi yake lipa kwa hela ya pembeni, kwa sababu ukiwa chini ya miaka 59 na nusu ukaimega humohumo kwenye IRA, kile kipande ulichomega kinaongezewa adhabu ya asilimia 10.