Si Theluji ya Kilimanjaro Iliyokila Kisiwa cha Maziwe

Huku Pangani, pwani ya Tanzania, bamvua likikolea, yaani maji makuu ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, Maziwe haionekani. Zamani kilikuwa kisiwa chenye mivinje mirefu, wavuvi wakipumzika kivulini, kasa wakitaga mchangani. Leo ni fungu tupu la mchanga: maji yakipwa linatokeza jeupe, ya bamvua yakijaa linafunikwa lote. Uliza barazani kisa chake, utaambiwa theluji ya Kilimanjaro inayeyuka na kujaza bahari. Nimelisikia hilo tangu utotoni, hata darasani. Linanisumbua, maana ukikosea chanzo utakosea na dawa.

Theluji hiyo inapungua kweli. Mwaka 1912 barafu ilifunika kilometa za mraba 12 hivi pale kileleni. Kufikia 2007 hazikufika hata 2. Lakini ili bahari za dunia zipande milimita 1 tu, zinahitajika kilometa za ujazo 360 hivi za maji, na barafu yote ya Kilimanjaro, hata ile ya 1912, haifiki sehemu moja ya mia ya kiasi hicho.

Barafu ya kuogopwa iko mbali. Ya Greenland ikiyeyuka yote, bahari itapanda mita 7 hivi. Ya Antaktika, mita 58 hivi. Kuyeyuka kwa namna hiyo ni kazi ya karne nyingi, ila kumeshaanza. Na asikudanganye mtu kwamba umbali utatuokoa. Mlima wa barafu uliotanda nchi nzima una uzito wa kuyavuta maji ya bahari kuja upande wake. Barafu ikipungua, mvuto nao unapungua, maji yanaachiwa yasambae. Ndiyo maana barafu ya Greenland ikiyeyuka, bahari ya jirani yake inashuka, na sisi wa tropiki tunapata zaidi ya fungu letu.

Wengine huchanganya na barafu inayoelea. Jahazi likiwa nangani limeshasukuma maji yake, halizidishi kitu. Linalopandisha maji ni lile linaloteremshwa kutoka nchi kavu. Barafu ni vivyo hivyo. Na kuna sababu ambayo wengi hawaitaji kabisa: maji yakipata joto hutanuka. Tangu 1971 hadi 2018, karibu nusu ya kupanda kwa bahari kulitokana na hilo peke yake.

"Sentimita 20 ni nini, na maji yanapanda mita nzima kila siku?" Hili husemwa na watu wanaoijua bahari, kwa hiyo linastahili jibu la heshima. Kati ya 1901 na 2018 bahari ilipanda kwa wastani sentimita 20 hivi, na huku kwetu bamvua kubwa lina tofauti ya mita 4 hivi kati ya kupwa na kujaa. Lakini nyumba haibomolewi na wastani. Inabomolewa na saa ile moja, bamvua limekolea na kusi linasukuma mawimbi. Maji yaliyokuwa yakiishia chini ya mnazi sasa yanaupita. Mchanga unafukuliwa, mizizi inabaki ikining'inia kama ndevu, na kabla ya bamvua la tatu mnazi uko chini. Kasi nayo inazidi: mpaka 1971 ilikuwa milimita 1.3 kwa mwaka, na kati ya 2006 na 2018 ikafika 3.7.

Tena bahari haiji kwa juu tu. Nyumbani kwa bibi tulijua kwa chai. Sukari ileile, majani yaleyale, lakini ikawa na ladha ya chumvi kwa mbali. Baadaye sabuni ikakataa kutoa povu. Maji ya bahari ni mazito, hupenya chini ya maji matamu, na mkivuta kisimani kupita kiasi yanapanda. Mto Pangani nao umepungua nguvu, kwa kuwa maji yake yanazuiwa na kutumiwa mashambani huko juu, na chumvi inapanda mto hadi kwenye minazi na mpunga wa watu. Hapo hatudaiani na barafu peke yake.

"Basi tujengewe ukuta." Mahali pengine ni lazima, na ule wa Barabara ya Barack Obama, Dar es Salaam, uliokamilika 2018, unalinda kitu ambacho hakihamishiki. Lakini wimbi likigonga ukuta linarudi na mchanga, na ufuo wa jirani ndio unaolipa. Kunduchi, Dar es Salaam hiyohiyo, bahari imekula majengo, na wataalamu wamenyooshea kidole uchimbaji wa mchanga kwenye mito inayoshuka pale, mchanga ambao ndio uliokuwa ukiulisha ufuo. Lori la mchanga lililotoka mtoni ni ufuo uliohamishwa.

"Tupande mikoko kila mahali." Naipenda mikoko, na kwa sababu hiyo inaniuma kuona miche ikichomekwa kwenye mchanga mtupu wa ufuo ulio wazi, watu wanapiga picha, bamvua la kwanza linaing'oa yote. Kila aina ina mahali pake: mlilana unasimama mbele kukabili bahari, mkoko wenyewe unataka tope, mkandaa na mchu mara nyingi hukaa upande wa bara. Pale Gazi, Kenya, wanakijiji wa Mikoko Pamoja wanatunza hekta 117 na tangu 2013 wanauza hewa ukaa, yaani wanalipwa kwa kaboni inayohifadhiwa na miti hiyo. Fedha zimewaletea maji na kusaidia shule. Kazi yao kubwa ni kuulinda msitu uliokuwepo.

Na Maziwe? Miti yake ilikwisha mwishoni mwa miaka ya 1970, wakati bahari ilikuwa bado haijashika kasi ya leo, na ukataji wa mivinje ni miongoni mwa sababu zinazotajwa. Mizizi ilipoondoka, mchanga ulikosa wa kuushika. Kasa hawakuambiwa, bado wanakuja usiku kutaga palepale. Kwa hiyo watu huvuka kwa mashua, wanafukua mayai taratibu kwa mikono, na kwenda kuyafukia upya kijijini Ushongo, juu ya mstari wa bamvua.