Ajali ya basi: maneno ya msibani ambayo sio kweli

Kila ajali kubwa ikitokea maneno ni yaleyale, na mimi yananiuma kwasababu yanawatonesha waliofiwa alafu sisi wengine hatujifunzi chochote. Nachukua ya Karatu mana wengi tunaikumbuka. Jumamosi asubuhi tarehe 6 Mei 2017, watoto wa darasa la saba wa shule ya msingi Lucky Vincent ya Arusha walikua wanaenda Karatu kufanya mtihani na wenzao wa shule nyingine, mvua inanyesha, gari ikaacha njia kwenye mteremko kule Rhotia ikatumbukia korongoni mto Marera. Wanafunzi 32, walimu 2 na dereva. Watu 35. Wakapona watoto watatu tu.

"Ile ni kafara, mwenye gari katoa damu." Hii naisikia mpaka kwa watu waliosoma. Jamani, 35 na watatu waliopona ni 38, na gari yenyewe ilikua Rosa, basi dogo, hesabu siti mwenyewe kabla hujamtafuta mganga. Ajali ina sababu unazoweza kuzishika kwa mkono. Breki zinafanya kazi kwa kusuguana, ukizikanyaga mfululizo kwenye mteremko mrefu zinapata moto, zikishapata moto hazishiki hata ukandamize pedeli mpaka chini. Ndo mana dereva anaejua kazi akishuka mlima Kitonga kule Iringa anaweka gia ndogo, injini inaizuia gari, breki anagusa na kuachia. Anaeshuka na frii, yani gari haiko kwenye gia yoyote, ili aokoe mafuta kidogo, au ana tairi kipara na barabara imelowa, huyo hahitaji jini la kumsukuma. Ukisema kafara umemfungulia mlango aliyeacha gari bila sevisi, na mama wa marehemu umemwachia woga juu ya kilio.

"Mabasi ya usiku ndo yanaua." Hii ya Karatu ilikua asubuhi kweupe. Tangu Oktoba 2023 mabasi Tanzania yanaruhusiwa tena kutembea saa 24, cha kuuliza ni dereva amelala saa ngapi na kama kuna mwenzake wa kumpokea, sio jua liko wapi.

"Mvute haraka umtoe!" Hapa tunaua watu kwa huruma. Nimewahi kusimama kando ya barabara nikaona kijana anatolewa kwa kuvutwa mikono, kichwa kinaning'inia nyuma, wanampandisha pikapu juu ya magunia, na mtu kashika chupa ya maji anamnywesha kwa nguvu. Kila aliyekua pale alikua na nia njema. Ila kama shingo au uti wa mgongo umevunjika, ule mvuto mmoja unaweza kumpoozesha moja kwa moja, na maji kwa mtu asiyejitambua yanaingia kwenye mapafu. Kama hakuna moto wala hatari ya gari kubiringika tena, mwache alivyolala, mshikie kichwa kisigeuke, ongea nae. Damu ikitoka nyingi kandamiza kwa kitambaa, kanga inatosha, na usiachie kila dakika kuangalia kama imeacha. Kama lazima abebwe mbebeni watu wanne au watano kwa pamoja, mwili umenyooka.

"Bila PF3, ile fomu ya polisi, hatibiwi." Dharura inatibiwa kwanza, fomu inafuata. Wahisheni hospitali, ndugu mmoja aende polisi.

"Fidia ni huruma ya mwenye basi." Sio huruma, ni haki. Bima ya basi la abiria, hata ile ya lazima wanayoiita third party, inahusu abiria walioumia na waliokufa. Rambirambi ni kitu kingine kabisa, ukipokea bahasha na gunia la mchele haina maana umelipwa, kwaiyo usisaini karatasi usiyoielewa ukiwa bado na tanga nyumbani. Tunza tiketi, PF3, ripoti ya polisi, risiti za hospitali, cheti cha kifo.

Na hizi picha za miili mnazosambaza WhatsApp eti ni tahadhari. Jirani yangu alijua mdogo wake amekufa kwa kuona kiatu kwenye grupu la vikoba. Kiatu tu, alikua amemnunulia yeye.

La mwisho ni "huyu amepona, tumshukuru Mungu," alafu tunaondoka. Wale watoto watatu wa Karatu walivunjika mifupa, wakapelekwa Marekani, Sioux City, wakakaa kule zaidi ya miezi mitatu wakitibiwa, wakarudi Agosti. Walivyotua uwanja wa ndege wa KIA, Kilimanjaro, walipokelewa kwa nyimbo na machozi. Na wenzao waliopanda nao gari asubuhi ile walikua hawapo tena.