"Deliberate" si makusudi kila mara

Katika tafsiri za ripoti za uvuvi na vivuko ninazohariri hapa Mwanza, neno la Kiingereza "deliberate" karibu kila mara linageuzwa "makusudi". Hapo mtu hubebeshwa kosa ambalo mwandishi hakumbebesha. Soma hii: "The captain made a slow, deliberate turn towards Kamanga." Ukiandika "nahodha aligeuza kivuko makusudi", msomaji wa Kirumba atauliza alikuwa na nia gani na abiria. Kumbe nahodha aligeuza taratibu, kwa uangalifu, basi.

Neno limetoka kwenye Kilatini, "deliberare", lenye mzizi wa "libra", yaani mizani. Kwa hiyo hubeba jambo lililopimwa kabla ya kutendwa, na pia mwendo wa mtu anayepima kila hatua.

Angalia neno lililo jirani. Likiwa "lie", "attack" au "attempt", weka makusudi bila wasiwasi. "Deliberate use of small-mesh nets" ni kutumia makusudi nyavu za macho madogo: mvuvi anayajua macho ya wavu wake, akaamua kuutupa hivyo hivyo. Hapa ndipo "deliberate" inapoachana na "intentional". Aliyemsukuma mwenzake kwa hasira ghafla kwenye foleni ya dagaa alikusudia kumsukuma, lakini hakupata nafasi ya kulipima jambo. Mwingereza atasita kumwita "deliberate".

Jirani likiwa "slow", au sentensi ikizungumzia mwendo, sauti au mikono, tumia taratibu, kwa utulivu, kwa uangalifu. (Viongozi wetu wanaposema "hatua za makusudi" hawalaumu mtu, na mimi siwapingi, matumizi hayo yameshazoeleka. Ila hayahamishiki kwa nahodha.)

Kielezi "deliberately" kinategemea sana mahali kilipokaa. "She deliberately answered in Sukuma": alijibu Kisukuma makusudi, pengine mgeni asielewe. "She answered deliberately": mara nyingi ni kwamba alijibu akipima maneno.

Kikiwa kitenzi, makusudi hayamo kabisa. "The committee deliberated on the closed season" ni kamati ilijadili suala la kufunga msimu wa uvuvi. Usiandike "iliamua". Wajumbe wanaweza kujadili kutwa nzima wakatawanyika bila uamuzi, na wavuvi watakaosoma tafsiri yako wataanika nyavu zao bure. Kihusishi kinachofuata ni "on" au "over". Mtu akiwa peke yake, sema alitafakari.

Kwa matamshi, mkazo uko kwenye silabi ya pili, si ya mwisho kasoro moja kama tulivyozoea: di-LI-ba-rit kwa kivumishi, di-LI-ba-reit kwa kitenzi. Waliokulia Kisukuma, lugha isiyo na "r", wajizoeze zaidi hiyo "l" na "r" zinazofuatana karibu karibu.